Kunaswa na Bao: Safari ya Mchezo na Maneno Yake kutoka Pwani hadi Dzaleka na Biwi

Utangulizi

Kuna swali ambalo walimu wa lugha hatuliulizi mara nyingi, ingawa jibu lake lina manufaa makubwa kwa kazi yetu. Swali lenyewe ni hili: mtu huingiaje katika jambo asilolijua, akalipenda, na mwishowe akashindwa kuliacha? Sisi huuliza namna ya kufundisha. Ni mara chache tunauliza namna watu wanavyonaswa. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kutazama historia ya mchezo mmoja, yaani bao, na hasa safari yake ya kutoka pwani ya Waswahili hadi nchi ya Malawi, ambako leo unachezwa na wenyeji kwa jina la bawo. Safari hiyo inatufikisha Lilongwe, katika mitaa kama Biwi, na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iliyoko wilaya ya Dowa, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kuwakutanisha watu wa mataifa mbalimbali.

Kabla ya kulifikia bao, ni vyema tutupe jicho mbali kidogo. Huko Marekani kuna mchezo wa gofu ya kisahani. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo, na anayefika kwa marushio machache ndiye mshindi. Kisahani hicho kilibuniwa na Fred Morrison, na kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza mwaka 1957. Mtu aliyeugeuza urushaji huo kuwa mchezo wenye uwanja na kanuni zake ni Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji. Headrick alifariki mwaka 2002, na kwa wasia wake majivu ya mwili wake yalichanganywa na plastiki ya kutengenezea visahani. Huo ndio mtu kunaswa hasa!

Mchezo huo ulienea bila mabango makubwa. Aghalabu mtu alipita bustanini, akaona wenzake wakirusha, akaazimwa kisahani, akajaribu. Uwanja ulikuwa wa umma, hakukuwa na kiingilio, na kosa la mgeni halikumuudhi mtu. Mambo haya matatu, yaani kuonekana hadharani, kutokuwa na gharama, na kukaribishwa na mtu anayejua, ndiyo tutakayoyakuta katika historia ya bao. Bao lina jambo la nne ambalo gofu ya kisahani haina kwa kiasi hicho, nalo ni lugha.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Wapo wanafunzi wetu wanaolijua neno bao kwa maana ya kandanda tu, pale timu inapofunga mabao mawili kwa moja. Wengine wanalijua kwa maana ya kumshinda mtu, kama katika usemi wa kumpiga mwenzako bao. Wapo pia wanaojua kwamba mganga wa ramli naye hupiga bao. Kwa hiyo si vibaya tukaueleza mchezo wenyewe.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, na huko pwani hutumiwa komwe, yaani mbegu ngumu za mkomwe. Mchezo unapoanza, kila mmoja huwa na kete 10 ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi. Hatua ya kwanza huitwa namua, ambapo mchezaji huingiza kete moja moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha, hatua ya mtaji huanza, ambapo kila mmoja hucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu.

Kete ikiangukia katika shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo likawa na kete pia, mchezaji hula. Kete alizokula huzisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ikiwa ya mwisho imeangukia penye kete, huendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala, na zamu huhamia kwa mwenzake. Mchezaji asiye na cha kula hutakata, yaani husambaza kete zake bila kula. Ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, ameshindwa, hata kama ana kete tele katika safu ya nyuma.

Tuangalie jambo moja hapa. Kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Huhamia kwa aliyeila, na kesho yake yaweza kurudi ilikotoka. Kete ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana anayelemewa huwa hajakata tamaa, na anayeongoza huwa hajalala usingizi. Zamu moja tu yaweza kuugeuza mchezo mzima. Hii ni sababu ya kwanza ya watu kunaswa: kila anayefungwa huondoka akiamini kwamba alikaribia kushinda.

Bao lilivyofika Nyasa

Michezo ya safu nne ni ya zamani sana katika Afrika ya Mashariki na Kusini, na haikuanzia kwa Waswahili peke yao. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa ameishi Madagaska, alichapisha kitabu kuhusu kisiwa hicho ambamo alitaja mchezo wa jamii hii. Tukirejea lugha za Kibantu, tunaona mzizi mmoja ukijitokeza mahali pengi: Wasukuma wana isolo, Wanyarwanda wana igisoro, Wansenga wa Zambia wana nsolo, na Washona wa Zimbabwe wana tsoro. Waganda wanao mchezo wa omweso, ambao nao una mashimo 32 na kete 64. Ni dhahiri kwamba tunazungumzia ukoo mmoja mpana.

Sasa tuje kwa neno bawo la Chichewa. Neno hili halifanani na ukoo wa -solo. Linafanana na bao la Kiswahili, ambalo nalo ni ndugu wa ubao na mbao. Katika Chichewa ubao huitwa thabwa, hivyo mzungumzaji wa lugha hiyo hana sababu ya ndani ya lugha yake ya kuuita mchezo huu bawo. Jina limetoka nje, na limetoka pwani. Wanaisimu wanajua kwamba neno la mkopo ni kama alama ya mguu mchangani: mtu aliyepita haonekani tena, lakini tunajua alielekea wapi.

Waliopita ni wafanyabiashara. Wayao walikuwa wakisafiri kati ya ziwa Nyasa na Kilwa kwa miaka mingi, wakibeba pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mtu wa pwani, alifanya makao Nkhotakota, magharibi mwa ziwa, na kuanzisha utawala wa akina Jumbe. Kaskazini, karibu na Karonga, alikuwapo Mlozi, ambaye alipigana na kampuni ya Waingereza kati ya 1887 na 1889, na hatimaye akanyongwa mwaka 1895. Historia ya watu hawa ina damu ndani yake, wala makala haya hayakusudii kuisafisha. Hata hivyo, misafara hiyo hiyo ilibeba Kiswahili, dini ya Kiislamu, mavazi, na mchezo wa kukaa kivulini kungoja jua lipungue.

Hapa ndipo tunapouona mlango wa kwanza wa kunaswa. Msafara ukifika mahali, hukaa. Hungoja bidhaa, hungoja mvua ikatike, hungoja ruhusa ya mtawala. Anayengoja hucheza, na anayecheza hutazamwa. Bao halihitaji hata ubao: mashimo 32 yaliyochimbwa ardhini na vijiwe 64 vinatosha. Mtu wa Nkhotakota aliyekuwa akijua mchezo wa jamii ya nsolo hakuanza sifuri. Alikuta safu nne alizozizoea, akakuta na mambo mapya: nyumba, namua, kete za mkononi. Kilichomvuta ni ule mchanganyiko wa anachokijua na asichokijua. Mwaka 1913 G. Meredith Sanderson, aliyefanya kazi Nyasaland, alichapisha makala kuhusu michezo ya Afrika ya Kati, ishara kwamba kufikia wakati huo michezo hii ilikuwa imeshamiri kiasi cha kuonwa na mgeni. Leo bawo huchezwa Malawi nzima, masokoni, kwenye vituo vya magari na chini ya miembe, na ni wachache miongoni mwa wachezaji wanaowaza kuhusu Kilwa.

Milango mitatu ya kuingilia

Mtu huingiaje katika bao? Kwa kutazama historia na desturi za mchezo, tunaweza kutaja milango mitatu.

Wa kwanza ni kutazama. Bao huchezwa barazani, mbele ya watu. Mgeni husimama nyuma ya wachezaji. Siku ya kwanza huona mikono tu ikizunguka kwa kasi, kete zikilia, na ghafla watu wanacheka bila yeye kujua wanacheka nini. Kutoelewa huko ndiko kunakomrudisha kesho yake. Mathalani, haelewi ni kwa nini mchezaji ameacha kete nyingi akala chache. Akishaligundua jibu la swali hilo moja, amenaswa, kwa sababu jibu hilo linazaa maswali kumi.

Wa pili ni kiti kitupu. Bao ni la watu wawili. Ikitokea fundi amekosa mpinzani, humwita hata yule asiyejua: “Njoo, kaa, tutaelekezana.” Hapo mtazamaji anakuwa mchezaji. Atafungwa, tena atafungwa vibaya mbele za watu, na maneno ya kebehi atayapata. Lakini aliyefungwa na fundi hufungwa kwa heshima, na huambiwa palipoharibika. Ualimu wa bao ni wa kumwonyesha mtu kosa lake pale pale, kete zikiwa bado zina joto la mkono.

Mlango wa tatu ni lugha. Mtu hawezi kuifuata kebehi ya barazani bila kujua namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, kutakata, kulala. Akiyajua maneno haya, anakuwa mmoja wa wenye baraza hata kabla hajajua kushinda. Si ajabu kwamba washairi wetu walilichota bao kama chimbuko la mafumbo; Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya karne ya 18 na ya 19, ana shairi linalohusu mchezo huu. Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa mapenzi yake kwa bao. Mtaalamu wa Kiholanzi Alexander de Voogt, aliyewatafiti mafundi wa Zanzibar na kukamilisha tasnifu yake Leiden mwaka 1995, alionyesha kwamba ufundi wa bao ni kazi nzito ya akili, kwa kuwa fundi hupiga hesabu ya zamu nzima kwa macho kabla ya kugusa kete.

Ni haki pia kusema kwamba milango hii haikuwa wazi kwa kila mtu. Baraza la pwani kwa desturi lilikuwa la wanaume. Msichana aliyependa bao hakuwa na mahali pa kusimama na kutazama, hivyo mlango wa kwanza ulifungwa kwake, na kwa kufungwa huo miwili iliyofuata ikafungwa yenyewe. Jambo hili tutalirejea.

Dzaleka na Biwi

Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Jina lake limejengwa juu ya kitenzi cha Chichewa -leka, chenye maana ya kuacha. Utawala huo ulipokoma mwaka 1994, mahali hapo paligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini kufikia mwaka 2023 idadi ilikuwa imevuka 50,000. Wengi wametoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda. Mkongo wa Kivu, Mrundi na Mnyarwanda wana lugha zao, lakini wanapokutana sokoni Kiswahili ndicho huchukua nafasi. Tamasha maarufu la kambini, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii Menes La Plume kutoka Kongo, linaitwa Tumaini. Redio ya jamii ya hapo inaitwa Yetu. Haya ni majina ya Kiswahili katika nchi ambayo shule zake hufundisha kwa Kiingereza na Chichewa.

Fikiria sasa Mnyarwanda aliyekuja akijua igisoro, akamkuta Mmalawi wa Dowa anayejua bawo. Wote wawili wana mashimo 32 na kete 64 akilini mwao. Kanuni zinatofautiana: namna ya kupanga kete mwanzoni, wapi pa kulia, lini pa kulala. Ili wacheze, ni lazima kwanza wakubaliane, na makubaliano yanahitaji lugha. Bao hapa si burudani ya kupotezea muda tu. Ni mkutano wa watu wawili walio sawa, jambo ambalo mkimbizi halipati kirahisi katika foleni ya chakula wala mbele ya meza ya ofisa.

Kwa miaka mingi wakimbizi wengi waliishi na kufanya biashara nje ya kambi, katika miji na vituo vya biashara, ikiwamo mitaa ya Lilongwe. Biwi ni mtaa wa jiji hilo wenye pilikapilika za maduka na mafundi, mahali pa aina ile ambapo baraza huzaliwa lenyewe: kivuli kidogo, benchi, mtu anayengoja gari lake litengenezwe. Hata hivyo, Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuweka masharti kuhusu kazi na uhuru wa kutembea. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioko mijini kurudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata waliobaki. Maduka yakafungwa, watoto wakatolewa shuleni.

Mijadala kuhusu tukio hilo ilihusu biashara, usalama na sheria, na ni sawa. Sisi watu wa lugha tuna la kuongeza. Duka linapofungwa, baraza lake hufungwa pia. Mmalawi aliyekuwa akisikia Kiswahili kila jioni kutoka kwa jirani yake, akijifunza neno moja kwa kicheko na jingine kwa kufungwa, amebaki na ubao na kiti kitupu upande wa pili. Karne moja na nusu iliyopita maneno yalifika Nyasa kwa sababu watu walikaa pamoja kivulini. Maneno hayafiki kwa njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Mafunzo kwa walimu wa Kiswahili

Historia hii inatufundisha nini? Kwanza, mtu hanaswi na maelezo, hunaswa na swali. Mwalimu anayeanza kipindi kwa kueleza ngeli zote ni sawa na fundi anayemsomea mgeni kanuni zote za bao kabla ya kumruhusu aguse kete. Mwache kwanza aone kitu kikitendeka, asielewe kidogo, atamani kuelewa.

Pili, kosa lifanyike mapema na lisiwe aibu. Katika bao mgeni hucheza siku ile ile anayokaribishwa. Katika madarasa yetu mwanafunzi aweza kumaliza muhula mzima bila kusema sentensi yake mwenyewe.

Tatu, msamiati wa bao ni hazina isiyochotwa. Chukua neno mtaji. Mfanyabiashara analitumia kwa fedha ya kuanzia biashara. Mcheza bao analitumia kwa hatua ambayo mkono umeisha na unaishi kwa kile ulichokwisha kukiweka ubaoni. Mwanafunzi akizilinganisha maana hizo mbili, amefanya semantiki bila kujua kwamba anafanya semantiki. Vitenzi kula, kulala, kutakata na kusambaza vinatupa mifano hai ya maana ya msingi na maana ya kimchezo. Aidha, kila mmoja wetu aliye karibu na mafundi wazee ana wajibu wa kuyaandika maneno yao, kwa kuwa mengi hayamo katika kamusi na wenye kuyatumia hawaongezeki.

Nne, darasa laweza kuufungua mlango ambao baraza liliufunga. Ubao ukiwekwa mezani chuoni, msichana ana haki sawa ya kusimama, kutazama, kukaa na kufunga. Ubao hauna gharama, na pasipo ubao ardhi ipo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bao lilifika Malawi kwa miguu ya wafanyabiashara, likakaa kwa sababu lilikuta michezo ya jamii yake, na likapata wapenzi kwa milango mitatu: kutazama, kiti kitupu na lugha. Tumeona pia kwamba Dzaleka ya leo imewakutanisha tena watu wa ukoo ule ule wa mchezo, safari hii kwa kufukuzwa na vita, na kwamba amri ya mwaka 2023 ilipunguza mahali pa wao kukaa na wenyeji wao.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Aliye mbali na kwao naye anahitaji mtu wa kucheza naye. Kwa walimu wenzangu ninapendekeza jambo dogo: muhula ujao, kila mmoja wetu atafute ubao mmoja, auweke mahali ambapo wanafunzi hupita, akae upande mmoja, na aache upande wa pili wazi.